Bibi wa Kuazima

Basi letu lilikuwa linakaribia Birkat al Mauz, huku Omani, pale msichana wa kiti cha mbele yangu alipomwomba jirani yake, mama asiyemjua, awe bibi. Si bibi yake yeye. Bibi wa Wathai.

"Shikamoo, bibi," alianza. Aliitwa Hajar, kiongozi wa wanafunzi wa kigeni chuoni. "Leo wenzetu wa Tailandi wanaingia mwaka mpya. Kwao vijana huwamiminia wazee maji ya marashi viganjani, nao wazee huwaombea dua. Mzee aliyetuahidi kaenda harusini Sur."

"Marahaba, mwanangu. Sasa hapa mzee nani?"

Hajar akamsogelea. "Wewe, bibi. Yaani, una baraka."

"Baraka ninazo. Uzee ndio sina. Mwombe huyo wa nyuma."

Wa nyuma nilikuwa mimi. Nikaigeukia migomba dirishani kwa hamu kubwa.

"Wajukuu huna, bibi?"

"Ninao. Niliolewa mdogo."

"Na hiyo hina ya kichwani?"

"Urembo."

Hajar akaangua kicheko, mama naye akajiziba mdomo kwa buibui, mabega yakimtikisika.

Basi likasimama. Kituoni vijana wa Kithai walijipanga na mabirika yao ya marashi, wamevaa mashati ya maua, wakichungulia madirishani kama watu waliokuja kumpokea bibi yao wa kweli. Mama akawatazama, kicheko kikamkatika. Akanigeukia, akaanza kuvua bangili moja moja akinitilia mapajani.

"Nishikie, shoga, zisirowe," alisema. "Lakini mimi si mzee."