Mwalimu Mayige Ndalahwa, Aliyetaka Ugonjwa Wake Utajwe kwa Jina

Baba Paroko, wazee wa ukoo, walimu, wanafunzi wa zamani na wa sasa, majirani, nawasalimu: mwangaluka. Mimi ni Esteria Ndalahwa, dada wa marehemu, tumbo moja. Nimeombwa niusome wasifu huu kwa ufupi kwa sababu ya jua. Sitausoma kwa ufupi. Tangu Ijumaa ndugu yangu alipokata roho, kuna maneno yanazunguka kwenye msiba huu kwamba mama yetu mdogo, Nyanjige, ndiye aliyemloga. Mnayajua maneno hayo, na wengine mmeyabeba wenyewe. Jana jioni watu walipita pale anapolala wakamgongea bati, wakamwambia matanga yakiisha naye awe ameondoka, la sivyo ataona. Kwa hiyo leo tutavumiliana na jua.

Marehemu Mayige alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 huko Lalago, wilayani Maswa, mtoto wa mwisho wa hayati mzee Ndalahwa na mama Milembe. Mama alifariki mwaka 1981 kwa uzazi, na mtoto aliyekuwa tumboni akaenda naye. Mdogo wake mama, huyu Nyanjige, akaja na mkokoteni wa ng'ombe kutoka Sola, akatupakia sisi na kuku wetu, tukaondoka. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Alitulea kwa pamba na mtama, na tulipougua ndiye aliyekesha. Mayige alimwita mayu, mama, mpaka pumzi ya mwisho.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1984 hadi 1990, kisha sekondari za Shinyanga na Tabora, na mwaka 2002 alihitimu shahada ya ualimu. Mayu hajui kusoma. Jioni Mayige alikuwa akimsomea vitabu vya hadithi, na kwa kuwa alikuwa mtoto mjanja, pale hadithi ilipomchosha aliongeza fisi wake mwenyewe. Mayu akimshtukia anamkatiza: "Umeona wapi? Weka kidole." Kidole kikikosa pa kukaa, tunacheka mpaka uji unamwagika. Nawaambia hili ili mjue swali ambalo wanafunzi wake walilisikia miaka yote lilitoka jikoni kwa nani.

Alianza kazi Februari 2003 katika sekondari hapa Bariadi, akifundisha Fasihi na Elimu ya Biblia, na hakuhama mpaka alipofariki. Wanafunzi walimjia na insha za kukariri kutoka kwenye vile vijitabu vya stendi: dhamira, wahusika, fani, na mwisho kabisa "mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa". Pembeni yeye aliandika kwa wino mwekundu: "Kiasi gani? Umeona wapi?" Iwe ni tamthiliya ya zamani, iwe Maandiko, iwe picha ya kuchora, hukuruhusiwa kusema neno ambalo huna mahali pa kuliwekea kidole. Wazazi walilalamika kwamba anawachelewesha watoto. Kweli, aliwachelewesha.

Yupo binti mmoja, Gloria, aliyeandika kuhusu yule baba wa kwenye Maandiko aliyempandisha mwanawe mlimani akiwa amembebesha kuni. Gloria akaandika kwamba mama wa kijana hakuulizwa lolote. Katekista Januarius, Mungu amrehemu naye, alikuja shuleni amefura. "Mwalimu, huyu mtoto ameona wapi hayo?"

"Hajaona," Mayige akamjibu. "Soma sura nzima, mama hayupo. Kutokuwepo kwake ndiko alikokuona."

Januarius alisoma sura yote palepale akiwa amesimama, akairudisha Biblia mezani, akaomba maji ya kunywa. Gloria alipata alama zote.

Mwaka 2012 aliwapeleka kidato cha tatu kanisani waiandikie insha ile picha ya ukutani, umati ulio chini ya msalaba. Pembeni mchoraji alikuwa amemchora bibi kizee mwenye macho mekundu. Karibu darasa zima liliandika kwamba yule bibi ni mchawi, na kwamba mchoraji amemweka pale kuwakilisha uovu katika jamii. Mayige hakupiga mtu. Jumamosi iliyofuata aliwachukua mpaka Sola, akawaingiza kwa zamu katika jiko la mayu, lile lisilo na dirisha, wasonge ugali kwa moto wa miti ya pamba. Walitoka wanakohoa, machozi yanawachuruzika, macho yameiva kama nyanya.

"Haya, Masalu," akamwambia mmoja wao, "na wewe umekuwa mchawi leo?"

"Hapana, mwalimu. Ni moshi!"

"Na mayu aliyepika humu tangu hamjazaliwa?"

Akawagawia karatasi waandike upya. Masalu yuko hapa, nimemwona amevaa miwani ya jua, ni mtu mzima mwenye watoto.

Mwaka 2006, tarehe 9 Septemba, alifunga ndoa na Salu, muuguzi, katika kanisa hilohilo. Wifi yangu alinipa ruhusa ya kusema kwamba siku Mayige alipomwambia, "Nimeona unanipenda," Salu alimuuliza, "Umeona wapi?" na mwalimu mzima akakosa jibu mpaka wiki iliyofuata. Walijaliwa watoto wawili, Josia na Milembe.

Sasa ugonjwa. Mwezi wa nane mwaka jana alianza kukonda, na upande wa kulia, chini ya mbavu, ukawa unamuuma. Mwezi wa kumi na moja tumbo lilianza kuvimba, na hapo ndipo maneno yalipoanza pia, maana tumbo likivimba kwetu kila mtu ni daktari. Alipelekwa Mwanza. Daktari alimwambia kwamba ana saratani ya ini, iliyotokana na virusi vya homa ya ini ambavyo huenda alikuwa navyo mwilini tangu utotoni bila kujua. Mayige akamuuliza, kwa adabu kabisa, ameona wapi. Daktari akamgeuzia kioo cha mashine, akaweka kidole: "Hapa, mwalimu. Na hapa. Na hapa." Mayige aliitazama ile picha kama alivyokuwa akitazama insha. Kisha akasema, "Nimeelewa, asante," akavaa shati. Mimi ndiye niliyelia. Nililia mpaka nikaona haya.

Alirudi Bariadi kufia nyumbani. Mayu Nyanjige alikuja kutoka Sola, akalala chini kando ya kitanda chake, akimpikia uji na kumfuta mate. Leo nasikia uji ule ndio uliommaliza! Jamani. Mtu amelishwa na mkono huo tangu ana miaka mitano.

Maneno yalimfikia mgonjwa kabla hayajanifikia mimi. Siku chache kabla ya kufa alinishika mkono. "Dada, wewe ndiye utakayeandika wasifu. Usiandike kwamba niliugua kwa muda mfupi. Usiandike kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa halafu ukanyamaza. Utaje ugonjwa kwa jina. Ukiacha pengo pale, watamweka mayu."

Nikamwambia, "Watu hawatasikia, Mayige."

"Baadhi yao nimewafundisha mimi," akasema, na hakuwa na uhakika, nilimwona. Aliogopa. Hakuogopa kufa, aliogopa hilo. Amekufa akiogopa hilo, na ninyi mlioeneza maneno ndio mliompa hofu hiyo.

Mwalimu Mayige Ndalahwa alifariki Ijumaa tarehe 2 Mei 2025, saa nne asubuhi, kwa saratani ya ini. Narudia: saratani ya ini. Imechapishwa kwenye ratiba mliyoishika mkononi, nendeni nayo mkaisome nyumbani.

Ameacha mama yake aliyemlea, Nyanjige. Ameacha mjane, Salu, watoto wawili, Josia na Milembe, dada mmoja ambaye ni mimi, kaka wawili, Thomasi na Sylvester, na wanafunzi ambao siwezi kuwahesabu.

Mayu yuko pale, kwenye mkeka wa mwisho upande wa akina mama. Tangu Ijumaa hakuna mtu aliyekaa naye mkeka mmoja. Nikimaliza kusoma sirudi kwenye viti vya familia, nakwenda kukaa pale, na mkeka ni mpana. Ninyi mliokula ugali wake, mnaujua mkeka ulipo. Wengine ambao bado mna mashaka, tazameni vizuri ni akina nani watakaoinuka, maana tukitoka makaburini mayu anakwenda kuishi kwangu, na atakayekuja kumgongea bati atakuwa amegonga langu.

Mayige, ndugu yangu, pumzika kwa amani. Na mayu aachwe aishi kwa amani hiyohiyo, angali hai.