Valeria Baltazari Kipeta, Mtia Rangi wa Majengo
(14 Machi 1968 – 21 Agosti 2025)

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni. Ndugu, majirani wa Majengo na Izia, na nyote mliofika kumsindikiza dada yetu, poleni. Mimi ni Zenon. Mimi na marehemu tumeachiana ziwa, na familia imenipa kazi hii ambayo nimeiandika mara nne na kuichana mara tatu.

Dada Valeria alizaliwa kijijini Kaengesa, mtoto wa pili kati ya watano wa mzee wetu Baltazari Kipeta na mama yetu Mariana. Bibi mzaa baba alikuwa angali na nyuzi za pamba ambazo zamani alizichovya kwenye tope jeusi la bondeni. Siku moja mwaka 1975, Valeria akiwa na miaka saba, alilichukua shati jeupe la mzee, la Pasaka, akalifukia kwenye tope hilo siku tatu. Shati likatoka na mabaka. Mzee hakuwa na jingine, akalivaa. Uani kanisani watu walipouliza limepatwa na nini, akasema, "Binti yangu amelipaka." Valeria akajibu mbele ya watu wote, "Sikulipaka, baba. Nimelichovya." Mzee alisimulia jambo hilo hadi anaingia kaburini, na kila mara alicheka upya.

Alisoma Shule ya Msingi kijijini kwetu kuanzia 1976 hadi 1982. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Alilia wiki nzima, kisha mwaka 1984 akaenda kusoma kwa masista waliokuwa wakifundisha wasichana ushonaji. Huko sista mmoja alimwonyesha nta, ndoo na dawa za rangi, na Valeria hakutaka tena kukaa kwenye cherehani. Alihitimu Novemba 1986.

Mwaka 1987 alihamia Sumbawanga mjini, Majengo, akaanza kutengeneza batiki, mashuka na vitambaa vya meza. Tangu 2002 alifundisha wanawake wengine, ishirini na wawili kwa jumla. Waliopita mikononi mwake wanajua kwamba alianza na maneno kabla ya ndoo. Alikuwa akiwaambia: ukuta hupakwa rangi, nguo hutiwa rangi. Rangi ni ile dawa iliyo koponi, na rangi ni kile unachokiona nguoni. Ni vitu viwili, ukivichanganya utaharibu kazi. Kitambaa huvuta rangi, kisha huishika. Ukikirudisha ndooni, unaikoleza. Nguo inayochuja imetoa rangi yake majini, na hilo ni kosa la fundi. Nguo iliyopauka imeunguzwa na jua, na hapo fundi hana kosa. Mteja akirudisha nguo, alisema, kabla hujabishana naye pindua pindo uangalie ndani, mahali ambapo jua halifiki.

Jumamosi tarehe 6 Oktoba 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu Lwitiko Mwaipopo, mfanyabiashara wa dagaa kutoka Rungwe. Mungu aliwajalia watoto wawili, Atusaye na Godbless. Nyumba yao ilikuwa na kelele na furaha. Shemeji alimtania kwamba ameoa ndoo.

Jumanne tarehe 9 Juni 2009, boti aliyopanda shemeji kutoka Kasanga kwenda Kirando ilipinduliwa na upepo. Watu sita hawakuonekana. Valeria aliteremka ziwani siku ya pili, na mimi nilikwenda naye. Kwa siku kumi na saba tulipita ufukweni, mahali pengine kwa mtumbwi, mahali pengine kwa miguu, yeye ameshika kipande cha kitambaa cha bluu alichokatia shati la mumewe. Kila kijiji aliuliza. Mchana mmoja aliingia majini hadi kifuani akiita jina la mumewe, tukamtoa watu watatu.

Karibu na Wampembe, mke wa mvuvi mmoja, mama Fransiska, alituambia wamemzika mwanamume aliyetupwa na maji. Mama huyo alikuwa amebaki na ukosi na kipande cha bega la shati, akavitunza endapo ndugu wangetokea. Alituletea. Vilikuwa vyeupe karibu kama mfupa. Mimi nikasema, "Dada, siyo hili. Twende." Nilitaka lisiwe lenyewe.

Yeye akamwuliza mwenyeji, "Mama, mlilianika wapi?"

"Mchangani, mama. Lilikaa huko nje siku nyingi."

"Basi limepauka. Halijachuja." Akaomba wembe, akafumua mshono wa ukosi. Ndani yake bluu ilikuwa kama siku alipoitoa ndooni. Aliweka kipande chake kando ya ukosi, akatazama, akasema, "Niliikoleza mara tatu. Ni yeye." Kisha akaanguka. Shemeji yetu amelala kule kule ziwani, lakini analala na jina lake. Wale watano wengine, jamaa zao hawakupata hata hilo.

Dada alirudi kazini baada ya arobaini. Ninyi mnaujua upepo wa huku kwetu na baridi ya Juni. Alichemsha dawa zake jikoni, mlango umefungwa ili moto usizimwe, na wanafunzi wake wakafanya hivyo hivyo. Kikohozi kilianza 2017. Tulimpa asali, tukamchemshia majani, tukamwombea. Nilimwambia aache kazi, tukagombana, tukanuniana miezi mitano. Miezi hiyo siwezi kuirudisha. Machi 2023 daktari alituambia mapafu yake yamejaa makovu kutokana na mvuke wa dawa, na hayatapona.

Hakujililia. Aliuliza jambo moja tu: "Na wanafunzi wangu?"

Wiki iliyofuata alianza kuwazungukia, Majengo, Mazwi, hadi Izia, nyuma ya bodaboda, na akishuka akipumzika kila baada ya hatua kumi. "Fungueni milango. Fanyeni kazi uani. Funikeni pua." Wengine walimsikiliza. Wengine walidhani anawaonea wivu. Kwa Hellena, mwanafunzi wake wa kwanza, alimkuta anakohoa. Alikaa chini kwenye sakafu. "Mwanangu, nimekuua. Nilikufundisha jinsi kitambaa kinavyovuta rangi, sikukwambia kwamba na kifua kinavuta."

Hellena alimjibu, "Mama, hukujua."

"Ndiyo. Sikujua. Sasa itasaidia nini?"

Swali hilo alituuliza sisi sote, mara nyingi.

Mwaka huu hakuweza kulala chali tena. Asubuhi ya Alhamisi tarehe 21 Agosti hali ilibadilika, tukapewa rufaa ya kwenda Mbeya. Mtungi wa oksijeni ulianza kuisha kabla hatujafika Laela. Dereva alikimbiza gari. Godbless alipiga simu kila mahali. Atusaye alikuwa amempakata, anamwambia, "Mama, vuta. Vuta tena." Akavuta. Akavuta. Saa sita na dakika ishirini mchana Atusaye aliendelea kusema vuta, na sisi tuliokuwa garini hatukuwa na moyo wa kumwambia anyamaze.

Marehemu ameacha mama yetu Mariana, mwenye umri wa miaka themanini na tisa, watoto wawili, Atusaye na Godbless, wajukuu watatu, ndugu wanne, nikiwamo mimi, na wanafunzi ishirini na wawili. Hellena yuko hapa kati yetu, na Jumatatu anakwenda kupimwa. Ninawasihi ninyi wanafunzi wengine, mbele ya jeneza hili: nendeni naye. Msimwache aende peke yake.

Dada, umepigania pumzi hadi ya mwisho. Mungu aliyekupa pumzi hiyo akupokee, akupumzishe kwa amani. Amina.