Elkana Machuki na Lori Lililorudi Tupu

Leo Jumapili, tarehe 24 Oktoba 1999, tunamsindikiza ndugu yetu Elkana Machuki Arasa. Ukweli wake tutausema hapa hapa, maana Kosele nzima inaujua.

Alizaliwa mwaka wa 1944 huko Nyamarambe, kifungua mimba wa mzee Arasa na mama Nyamusi. Familia ilihamia Kosele mwaka wa 1951, naye akasoma hapo hadi darasa la saba. Mwalimu alipompa mwenzake kazi ya kupiga kengele, Elkana alinuna muhula mzima.

Mwaka wa 1969 alimwoa Kezia Bonareri katika kanisa la Waadventista. Kabla ya hapo, aliposikia kuna mwalimu wa Oyugis anayemtaka binti huyo, alihamia kwa wakwe akisingizia kuwachimbia choo, na hakuondoka hadi mahari ilipokubaliwa. Jamani, marehemu alikuwa na wivu.

Mwaka wa 1986 aliajiriwa na kiwanda cha minofu ya samaki aina ya mbuta huko Homa Bay. Mnunuzi wa Ulaya alimweleza wakala wa Mombasa, wakala akapiga simu kiwandani, kiwanda kikamtuma Elkana, naye akashuka kwenye fuo za Karungu na Sori kuwaambia wenye mashua samaki wanaotakiwa. Bila yeye hakuna mbuta aliyepanda lori, na alitembea kifua mbele.

Mwaka wa 1998 kiwanda kikaingia kwenye intaneti. Wangwe, karani ambaye Elkana mwenyewe alimfundisha kazi, akapelekwa Kisumu kujifunza kompyuta. Sasa mnunuzi aliandika asubuhi na Wangwe akasoma asubuhi hiyo hiyo. Wakala wa Mombasa akakosa kazi. Elkana alimwona mwenzake akinyolewa, lakini badala ya kutia maji akatia kijicho.

Kibaya zaidi, Ulaya waliandika hata Jumamosi, yeye akiwa kanisani. Basi Ijumaa tarehe 11 Septemba, kabla jua halijatua, alishuka Karungu akawaambia wenye mashua wasiuzie lori lolote siku ya Sabato. Kesho yake agizo likaja, Wangwe akatuma lori, likarudi tupu na barafu imeyeyuka. Elkana aliketi kanisani akingoja kuitwa kama mkombozi. Hakuna aliyemwita.

Meneja alipofoka, Wangwe, ambaye alishaambiwa ukweli wote na wenye mashua, alisema kosa lilikuwa lake. Kiwanda kikaweka redio ya mawasiliano ufuoni, maagizo yakawa yanatoka kwa Wangwe moja kwa moja hadi kwa wenye mashua, na Elkana akahamishiwa mizani ya langoni. Kupoteza nafasi kulimuuma. Kusitiriwa na Wangwe kulimuuma zaidi, maana hata wema wa mtu aliuonea wivu.

Februari mwaka huu alipooza upande mmoja. Wangwe alikuja kila Jumapili, lakini marehemu alikataa kumwona, akawa anasikiliza dirishani jinsi Kezia anavyomkaribisha chai. Tarehe 10 mwezi huu alimwambia mkewe amwingize.

"Kwa nini ulimdanganya meneja?" akamuuliza.

"Wewe ndiye ulinifundisha kazi, mzee. Ningekushtakije?"

Marehemu alilia, akamshika mkono, na hakuuachilia mpaka chai ikapoa. Alifariki Alhamisi tarehe 14 alfajiri, nyumbani kwake.

Ameacha mjane, Kezia, watoto wake Helen, Onyancha na Liz, na wajukuu. Kuhusu kubeba jeneza alituachia agizo, nalo litafuatwa: "Wangwe atangulie mbele. Lakini msimsifu sana."

Lala salama, Elkana. Leo tunakusifu wewe peke yako.