Mama Mukandori na Swali la Ndama

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, mlio milimani na mlio mabondeni. Leo tunamkumbuka Mama Mukandori wa Mushaki, muuza maziwa, mama wa maswali. Mkinisikia nacheka, mnisamehe. Huyu mama huwezi kumsimulia ukiwa umenuna.

Alifuga ng'ombe pamoja na mume wake, Papa Nzabonimpa. Kwao hakuna aliyekunywa maziwa kabla ya kuambiwa yametoka kwa ng'ombe yupi. Wafugaji wengi wako hivyo, lakini yeye alizidi. Hata akikaribishwa kwa jirani aliuliza kwanza, kikombe kikiwa mkononi.

Turudi mwaka 1949. Ndui ilikuwa imeingia Kashebere, upande wa Walikale, kwenye barabara inayokuja Mushaki. Mukandori alikuwa amekwisha kuzika mtoto mmoja. Alibaki na Verdiane, mdogo, hata kutembea hajajua vizuri. Polisi wa chefu, mtawala wa eneo, wakawapanga akina mama mstari, na muuguzi Symphorien akawachanja watoto mkononi. Hakuna mzazi aliyeulizwa kitu. Halafu, siku hiyo hiyo, kukasikika kwamba mtoto fulani ameshikwa na homa. Hofu ikatanda. Akina mama wakafanya anachofanya mfugaji akiogopa uchafu: wakaosha mikono ya watoto kwa mkojo wa ng'ombe. Wakasugua. Chanjo yote ikaoshwa, na Mukandori alisugua kuliko wote.

Symphorien aliporudi kutazama, hakuona hata kimoja cha vile vidonda vinavyoonyesha kwamba chanjo imeshika. Safari hii alikuja peke yake, bila polisi. Mukandori akamngoja mlangoni, Verdiane mgongoni.

"Hii dawa inatoka wapi?"

"Inatoka ku ndama, Mama."

"Ndama ya nani?"

Symphorien akacheka. Mukandori hakucheka.

"Ilikuwa muzima?"

"Banaipima mbele, Mama. Kama iko mugonjwa, banaiacha."

"Na mutoto wangu, itamufanya nini?"

"Atapata homa. Mukono itavimba. Kuko batoto bachache banaumwa sana, siwezi kukudanganya. Lakini ndui yenyewe inaua."

Papa Nzabonimpa, aliyekuwa kando yao, akachoka kusimama. "Mama Verdiane, wewe utauliza mpaka ng'ombe ijibu."

Lakini mkewe alikuwa amepata alichokitaka: mtu wa kumjibu. Akakunja nguo begani. "Anza na mukono yangu. Kidonda ikikauka, nitakuletea mutoto."

Wasikilizaji wapendwa, ule mkono ulivimba. Homa ikampanda. Alikamua ng'ombe kwa mkono mmoja, huku akimtaja Symphorien na ukoo wake wote kwa majina ambayo redio hii haiwezi kuyarudia. Usiku alimtazama Verdiane amelala, akaogopa. Ndui ilikuwa inapanda barabara, na yeye alikuwa bado anangoja.

Kidonda kikakauka. Gamba likadondoka. Asubuhi hiyo Mukandori akambeba Verdiane mwenyewe hadi kwa Symphorien, bila polisi, na akina mama wa kilima kizima wakamfuata. Safari hii hakuna aliyeosha. Ndui ilipofika soko la Mushaki, Verdiane alikuwa anacheza na ndama nyuma ya nyumba. Hakuugua.

Verdiane sasa ni mama wa watoto. Ametuambia hivi: "Batoto bangu bote, Mama alinisindikiza kubachanjisha. Na kila mara aliuliza bauguzi ile ndama iko ya nani. Nilikuwa naona haya sana."

Mama Mukandori amezikwa Jumamosi, Mushaki. Wanawake walipokuwa wanamwosha, walifika kwenye mkono wa kushoto, penye lile kovu la chanjo. Shangazi yake Verdiane, Emérita, aliyekuwemo katika ule mstari wa kwanza wa chanjo, akawashika mikono. "Apa musisugue," akasema. Wakacheka wote, ndipo wakalia.

Poleni sana, Papa Nzabonimpa, Verdiane, wajukuu, na ninyi wote mliokunywa maziwa yake. Tunawapenda.

Na wewe unayetusikiliza, mtoto akiwa mapajani, na muuguzi yuko njiani: uliza. Uliza mpaka ujibiwe. Kisha, tafadhali, usioshe.