Mzee Taratibu na Kikombe Kilichofunikwa

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza mzee wetu, wa kwanza kumpasha habari mkamwana wa marehemu alikuwa mchora mabango, aliyetokea mlango wa uani siku ya Jumanne, tarehe 14 mwezi wa tano, alasiri, mikono yake ikiwa na rangi ya bluu hadi kwenye viwiko, akasimama mbele ya jiko kama mtu aliyesahau alichofuata, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, njoo, mzee hainuki." Mkamwana, aliyekuwa amembeba mtoto mgongoni na kushika mwiko wa kukaangia buni, alimuuliza kama mazoezi yamekwisha, naye akajibu kwamba hajui, na ndani hakuna anayejua, hapo ndipo hofu ilipomwingia, kwa sababu katika mkahawa wa marehemu hilo ndilo jambo ambalo kila mtu alitakiwa kulijua wakati wote. Ili sababu ya hofu hiyo ieleweke, familia inaomba ianzie mwanzo.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Taratibu bila kulijua jina lake jingine, alizaliwa tarehe 3 mwezi wa tisa mwaka 1957, akiwa mtoto wa pili wa baba mwashi na mama mfua nguo, katika safu ya vyumba vya kupanga vilivyotenganishwa kwa kuta za mbao. Katika chumba cha jirani waliishi mtu na mkewe, na yule mama alikuwa akipigwa na kulia karibu kila jioni, hata wapangaji wakazoea, kila mmoja akimsikia aliongeza sauti ya redio na kuendelea kula, hadi jioni moja ya mwaka 1964 alipolia kuliko siku nyingine, redio zikapandishwa kama kawaida, na asubuhi akatolewa amefunikwa shuka. Marehemu aliyashuhudia hayo akiwa bado hajaanza shule, na maisha yake yote aliyasimulia mara moja tu, kwa mkamwana wake, wakichambua buni pamoja, akamalizia kwa kusema, "Mwanangu, mimi kelele siziogopi, naogopa watu waliozizoea."

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza mwaka 1971, akisifiwa kwa mwandiko na hesabu, ila kusimama mbele za watu kulimshinda kabisa. Akiwa darasa la tano alichaguliwa kusoma shairi mbele ya wageni, akafungua kinywa, sauti ikakataa, kaptura ikalowa, na wale wageni kwa huruma yao wakampigia makofi, na mwenyewe alikuwa akisema kwamba angechekwa angesahau, lakini makofi yale aliyasikia masikioni hadi anaota mvi.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, akaanza kwa kufagia, akaishia kusimamia mashine ya kukatia karatasi, mashine iliyokuwa imekula vidole vya watu watatu kabla yake, na huko ndiko alikopatia jina lake, kwa kuwa kila kijana aliyesogea karibu aliambiwa, "Taratibu, baba, taratibu, hiyo haina mama." Kiwanda kilipofungwa mwaka 1999 alitoka na vidole vyake vyote kumi, na alivitaja mbele ya watu kama wengine wanavyotaja vyeo vyao.

Alifunga ndoa mwaka 1986 na fundi cherehani aliyekuwa akishona magunia na mapazia mtaa wa pili, mwanamke mcheshi aliyependa kusema kwamba aliolewa na mtu anayepiga hodi hata anapoingia chumbani kwake, na mwaka 1989 wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume, ambaye leo ni fundi wa majokofu, mume wa mkamwana tuliyemtaja na baba wa mtoto mmoja. Mkewe alitangulia mwaka 2012, na tangu hapo marehemu hakupenda kukaa katika chumba kilichofungwa mlango.

Mkahawa aliufungua mwaka 2000, katika chumba kilichokuwa stoo ya karatasi za kiwanda, chenye dirisha moja refu, meza nne, mabenchi, na mapazia aliyoshona mkewe kwa vitambaa vya rangi mbalimbali kwa sababu hakikupatikana kitambaa kimoja cha kutosha. Msanii wa kwanza kuingia alikuwa huyo mchora mabango, aliyefuata mwanga wa dirisha na si kahawa, akaomba akae kidogo na hajaondoka hadi leo, nyuma yake wakaja wapiga gitaa, wachongaji, watunzi wa mashairi, na mwisho kikundi cha maigizo, ambacho ukumbi wake ulikuwa ukivuja. Marehemu hakuwahi kusema kwamba anaelewa walichokuwa wakifanya, na akiulizwa picha fulani ameionaje alijibu kwamba ameiona, lakini walipokuwa wakibishana aliwasogezea birika, na hakumwambia mtu hata siku moja kwamba kikombe chako kimekwisha, inuka uwapishe wengine.

Wakati mmoja kikundi kilikuwa kikifanya mazoezi ya mauaji, na yule mwigizaji mnayemwita Machozi, anayeweza kulia akiombwa na kunyamaza akiambiwa basi, alipiga ukelele uliosikika hadi barabara kuu, muuza nyama wa jirani akaingia mbio na panga lake mkononi, akamkuta Machozi amekaa juu ya meza anafunga kamba ya kiatu. Watu walicheka sana, na muuza nyama akasema, "Sasa nimeshatoka dukani na panga, nikirudi bila kukata mtu nitaonekanaje?" Marehemu peke yake hakucheka, alikuwa ameshika ukingo wa meza, na watu walipotulia akawaambia kwamba muuza nyama leo amekuja, mara ya pili atatembea, mara ya tatu ataongeza sauti ya redio, na siku hiyo mtu anaweza kufa humu ndani huku tunatazamana.

Kuanzia hapo akaweka utaratibu ambao kila aliyewahi kunywa kahawa pale anaujua, kwamba kabla ya mazoezi kikombe kimoja cheupe kinafunikwa kifudifudi katikati ya meza ya dirishani, kikiwa kimefunikwa kila kinachosikika ni mchezo, kikifunuliwa kila kinachosikika ni kweli, na aliyekifunika ndiye atakayekifunua, si mwingine. Mkamwana alipoletwa nyumbani akiwa bibi harusi, mtu mwenye haya, asiyezoea makelele, alishtuka kila siku kwa mwezi mzima, akawa akichungulia dirishani kukitazama kikombe kabla ya kukimbia, na marehemu, akimwona, humwambia, "Kimelala, mwanangu, kaa."

Mwaka huu kikundi kilikuwa kikitayarisha igizo la watu wanaokimbia hatari, wanaogonga milango ya mtaa mzima na kukataliwa, hadi mlango wa mwisho unapofunguliwa na mzee mwenye sinia mkononi anayewaambia, "Ingieni, kahawa ipo." Walimwomba marehemu awe yule mzee. Alikataa, wakamwomba tena, akakataa, Machozi akamlilia kidogo kwa ufundi wake, akakubali, na tangu siku hiyo alikuwa akilisema neno lake uani, mbele ya jiko, kwa hofu ya kweli, akimuuliza mkamwana kama sauti imetoka, naye humjibu, "Imetoka, baba, ila waambie hao watu, usiliambie jiko." Katika siku hizo alishikwa mara kwa mara na kichwa, akasema ni moshi, na vidonge vya shinikizo la damu alivyoandikiwa tangu mwaka 2019 akawa anavimeza siku anazokumbuka.

Jumanne ile kikombe alikifunika mwenyewe. Watu wakaanza kugonga na kulia, mlango ukafunguliwa, marehemu akatokea na sinia, akawatazama, akafungua kinywa, na badala ya neno akaanguka pamoja na sinia na vikombe vyake, na waliokuwemo wote, wanaomjua kwa woga wake wa kusimama mbele za watu, walidhani mzee ameongeza lake, mpiga gitaa akasema, "Mzee kaiva," wakasimama wakampigia makofi. Walipiga kwa furaha, na walipiga kwa muda mrefu. Ni mchora mabango aliyeona kahawa ya moto inapita chini ya mkono wa marehemu na mkono hausogei.

Alifikishwa hospitalini jioni hiyo, madaktari wakaeleza kwamba mshipa wa damu umepasuka kichwani, na mkamwana akabaki kando ya kitanda. Asubuhi ya Jumatano marehemu alifungua macho, upande mmoja wa mdomo ukiwa mzito, na mkamwana aliogopa sana atakachouliza, kwa maana makofi yale yalisikika hadi uani, na hakujua kama mzee aliyapokea kama ya furaha au kama yale ya huruma ya darasa la tano. Hakuuliza. Alisema polepole, "Neno langu sijalisema," akafumba macho, na jioni ya siku hiyo, tarehe 15, saa kumi na mbili, akafariki dunia.

Mwanawe, kwa uchungu ambao hakuna asiyeuelewa, aliwakuta wasanii wamejipanga kwenye ukumbi wa hospitali, akawaambia, "Baba anakufa, nyinyi mnampigia makofi," akawakataza kukanyaga msibani na kugusa jeneza, na akasema mkahawa ule hautafunguliwa tena. Machozi, ambaye siku zote hulia kwa kuombwa, alisimama pale macho makavu kabisa. Daktari alimwita mwana wa marehemu kando akamweleza kwamba hata wangembeba papo hapo matokeo yangekuwa hayo hayo, naye akasikia lakini hakusikiliza.

Nyumbani, mkamwana, ambaye katika miaka sita ya ndoa hakuwahi kupandisha sauti, alimwambia mumewe kwamba yeye alikuwa nyuma ya ukuta, aliusikia mshindo, aliisikia sinia, aliyasikia makofi, na kwa kuwa alichungulia akakiona kikombe kimelala aliendelea kukaanga buni, "Kwa hiyo kama ni kufukuza msibani, mume wangu, anza na mimi niliyemo ndani." Mumewe alimpokea mtoto, kisha akasema ufunguo wa mkahawa uko juu ya kabati, ila yeye kwa sasa hataweza kuingia mle.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia mzee wetu na kutueleza ukweli bila kutuficha, kwa majirani waliotuletea maji, viti na kuni, kwa muuza nyama aliyetupa gari lake, na safari hii pia alikuja mbio, na kwa wafanyakazi wenzake wa zamani wa kiwanda, waliofika na vidole walivyo navyo. Na kwa wenzake wa kazi wa miaka hii ya mwisho, yaani wasanii, ambao tunawaona mmesimama nje ya ukuta na hamtaki kuingia, mwanawe ameomba isomwe kwa kinywa cha mjomba wake anayewasomea historia hii, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kuisema, kwamba jeneza la baba yake mtalibeba nyinyi, na mchora mabango atangulie mbele.

Waliokuwa mbali hawajui kilichofanyika asubuhi iliyofuata, yaani Alhamisi, na kwa kuwa ni sehemu ya historia ya marehemu tunaisoma. Mkamwana alikwenda mkahawani peke yake, akafungua kufuli, akakuta sinia chini, vipande vya vikombe, kahawa iliyokauka sakafuni, na katikati ya meza ya dirishani kile kikombe cheupe bado kimefunikwa, kwa sababu aliyekifunika ndiye aliyetakiwa kukifunua na hakuna aliyethubutu. Alisimama mbele yake akiogopa kuliko alivyoogopa hospitalini, maana muda wote kikombe kilipokuwa kimelala mazoezi yalikuwa hayajaisha, na mzee angeweza bado kuinuka, kujipangusa na kuuliza kama sauti imetoka, lakini kikigeuzwa, basi yote yaliyotokea yalikuwa kweli. Ng'ambo ya barabara wasanii walikuwa wamesimama ukutani, hawavuki.

Akakigeuza. Akakiosha, akawasha jiko, akasubiri birika lichemke, akasimama mlangoni na sinia, na kwa sauti ambayo wa mbali ilibidi waulizane amesema nini, akawaambia, "Ingieni, kahawa ipo."

Neno lako limesemwa, Baba. Upumzike sasa, taratibu, kwa amani.