Hatua Kumi Nyuma ya Mwanangu

Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Kina mama mlioko upande wa pili wa pazia, naomba mnivumilie, maana mengine nitakayosema ninyi mliyajua zamani kabla yetu. Na majirani zetu Wakristo mlioitikia mwaliko wa wazazi wa madrasa hii, ahsanteni kwa kuja.

Mwenyekiti aliniomba niseme machache kuhusu malezi. Nikamwambia, mimi si mtu wa kufundisha malezi. Akaniambia, "Basi waeleze ulivyoharibu." Hilo naliweza. Sitamtaja mtu kwa jina, na ukimtambua mtu, nakuomba umfichie.

Mnaisikia sauti yangu. Nyembamba. Wenzangu walipobalehe sauti zao zikawa nzito, yangu ikabaki juu hukohuko ilikokuwa. Shuleni waliniita Bi Kinanda. Marehemu baba yangu, kama mnavyojua wengi wenu, alikuwa mchinjaji, mtu wa kifua, akikohoa sokoni watu wanageuka. Alikuwa akinisimamisha uani jioni, mbele ya ndugu zangu. "Toa salamu." Natoa. "Tena. Toa kama mwanamume." Natoa tena, na tena, mpaka koo linauma.

Na si sauti peke yake. Nilipenda kukaa jikoni na dada zangu. Nilipenda kumbeba mdogo wetu wa mwisho, alikuwa mzito kama tikiti, akinilalia mgongoni nasikia pumzi yake shingoni. Siku moja baba alinikuta nimembeba kwa mbeleko. Aliifungua palepale, mbele ya watu waliokuja kununua nyama, akasema akinikuta tena atanivalisha na gauni. Watu wakacheka. Nilikuwa na miaka tisa.

Ndugu zangu, mtoto wa miaka tisa akichekwa hivyo anajifunza haraka. Nilijifunza kunguruma. Nilijifunza kusema maneno machache, mengi yakiwa amri. Hapa kwetu wanaume wawili wakitembea wameshikana mikono hakuna anayeshangaa, ni urafiki tu. Mimi mikono yangu niliiweka mfukoni. Nilioa nikiwa hivyohivyo. Mke wangu akiugua, nilimwekea dawa mezani kisha nikatoka nje. Miaka minne ya ndoa yule mwanamke alikuwa hajui kama nampenda au namvumilia. Mnacheka, lakini wapo humu wake zao hawajui mpaka leo.

Nilikuwa mtunza ghala katika shirika moja la umma lililonunua ngozi. Kazi ile ilinifaa, ngozi hazihitaji kuzungumziwa vizuri. Ndipo ukaja ule wakati mnaoukumbuka, mashirika yanafungwa, watu wanapunguzwa, na ghala letu likapigwa kufuli. Asubuhi niliendelea kuamka na kuvaa suruali iliyopigwa pasi. Natoka, nazunguka, sina pa kwenda, narudi.

Mke wangu hakuzunguka. Mitumba ndiyo ilikuwa imeanza kuingia kwa wingi, naye akaanza kuipeleka minadani. Siku hii Kibakwe, siku ile Mlali. Anaondoka alfajiri juu ya lori, anarudi magharibi, vumbi mpaka kwenye kope. Mimi nabaki na binti yetu, ana mwaka mmoja na nusu. Nilikaa naye, sikatai. Lakini nilikaa naye mlango umefungwa. Jua linawaka nje, watoto wa jirani wanacheza, wangu anagonga mlango kwa viganja anataka kutoka. Nilimwambia mke wangu ni kwa sababu ya mbwa. Hakukuwa na mbwa. Sikutaka nionekane.

Mtu mmoja tu alikuwa akiingia nyumbani kwangu bila kujali mlango. Alikuwa rafiki yangu Mgogo, mtunza ng'ombe kwenye kituo cha mifugo hapa, tuliyejuana naye tangu enzi za ngozi. Mtu mrefu, masikio ametoga, anavaa shanga. Akikamua anawaimbia ng'ombe, ndama anambusu puani. Siku moja nilimuuliza, nikiwa na dharau ndani yangu, "Wewe mwanamume gani unavaa shanga?"

Hakukasirika. Akazishika, akazitazama kama anaziona mara ya kwanza. "Baba alivaa. Babu alivaa, na babu alipigana na simba. Sasa wewe rafiki yangu, hizo suruali zako za pasi zimepigana na nani?"

Wiki ile suruali sikuipiga pasi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa siku ya mnada wa Mlali. Mke wangu alipoondoka aliniambia, "Mtoto anachemka kidogo. Ukiona imezidi mpeleke hospitali, usinisubiri mimi." Saa nne asubuhi ilikuwa imezidi. Mtoto amelegea, macho mekundu, hataki hata maji.

Hospitali si mbali. Lakini njia inapita sokoni, na sokoni pana baraza la kahawa, na barazani ndipo wanapokaa wanaume wote walionijua. Mtasema, si ungembeba tu mikononi? Kweli. Hata mikononi ningembeba. Lakini mwanamume anayepita na mtoto saa nne asubuhi, mkewe yuko mnadani, alikuwa anautangazia mji mzima kwamba sasa amekuwa yaya. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Nawaambia kama ilivyokuwa, maana nikiipamba haitawafaa. Nililowesha kitambaa nikamwekea kwenye paji la uso, nikasema, mama yake atarudi.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa inalia aliposhikwa na degedege. Mikono ilikakamaa, macho yakapanda juu, mdomo ukajaa povu. Nami nilisimama. Ndugu zangu, nilisimama katikati ya chumba changu, mikono ikining'inia, sikupiga hata kelele, maana nilijua nikipiga kelele itatoka sauti ile.

Ndipo yule rafiki yangu akaingia na kibuyu cha maziwa. Alimwona mtoto, akaniona mimi, akaweka kibuyu chini. Alimlaza ubavu, akamsubiri, huku anamsemesha kwa Kigogo taratibu. Mtoto alipolegea, hakuniuliza neno. Alichukua kanga ya mke wangu kwenye kamba, akamtupia mgongoni, akamfunga, akatoka mbio.

Nami nilitoka nyuma yake. Sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipoangukia. Nilitoka nyuma yake, na miguu yangu ilikuwa na nguvu za kumfikia, lakini nilibaki hatua kumi nyuma. Kama mtu anayekwenda zake. Tukapita sokoni hivyo, yeye mbele na shanga zake na kanga ya maua, mwanangu kichwa kinayumba mgongoni kwake, mimi hatua kumi nyuma.

Barazani wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Mgogo, umejifungua lini?"

Hakupunguza mwendo. "Leo!" akajibu.

Mwingine akanigeukia mimi. "Bwana, yule mtoto si wako?"

Sikujibu. Niliinamisha kichwa nikapita. Nimefanya makosa mengi katika maisha yangu, wakubwa mliopo mnayajua baadhi. Hilo la kutojibu ndilo ninaloliombea toba mpaka leo.

Hospitalini muuguzi alimpokea mtoto, akamgeukia rafiki yangu aliyekuwa anahema. "Baba, mtoto ana umri gani?"

Rafiki yangu akanyoosha kidole. "Baba ni yule pale mlangoni."

Yule dada akanitazama. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi, na hakunipa shikamoo. "Mbona umesimama huko? Njoo umshike mwanao."

Walimchoma sindano, wakamtundikia maji. Muuguzi akaniambia, "Msemeshe. Asikie mtu wake." Nikainama, nikamwita jina kwa ile sauti yangu ya kunguruma. Nikamwita tena. Ilikuwa kama namwamrisha mtu aondoke njiani. Nilijisikia mwenyewe, nikaona mtoto huyu hajawahi kuitwa na baba yake, ameitwa na mtunza ghala.

Nikaanza kulia. Sauti ikanipasuka, ikatoka ile nyembamba, ya juu kabisa, mbele ya wodi nzima ya kina mama. Nikamwita mwanangu kwa sauti hiyo. Nikamwambia baba yupo. Nikamwambia baba alikuwa nyuma lakini sasa yupo. Nilingoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja kitanda cha pili alijifunika uso kwa mtandio.

Sisemi kwamba sauti yangu ndiyo iliyomponya. Dawa ndizo zilizofanya kazi, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Nasema tu kwamba alipofumbua macho alasiri, alimtazama mtu aliyekuwa akimsemesha kwa sauti yake mwenyewe, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Rafiki yangu alikuwa amekaa nje ukutani. Nilimfuata nikitaka kumshukuru, nikalia tena. Akasema, "Lia tu. Mimi nilimlilia mama yangu mbele ya ukoo wote, na kesho yake walinipa ng'ombe zao nichunge kama kawaida." Akanishika mkono. Tukakaa vile, mkono wangu umo katika wake, watu wanapita.

Mke wangu alifika jioni na vumbi lake. Nilimweleza yote, pamoja na zile hatua kumi. Ningeweza kuficha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno haya tu, "Nilikuachia mtu, sikukuachia gunia." Baada ya hapo hakusema nami siku nyingi, na alikuwa na haki. Mtoto alipona, lakini sikio la kushoto halikusikia tena. Daktari alisema huenda ni homa, huenda ni kuchelewa. Mimi najua nilivyochelewa.

Basi nikaanza kujifunza upya, mtu mzima na ndevu zangu. Rafiki yangu alinifundisha kufunga mbeleko. Mara mbili za kwanza mtoto aliteleza tukamdaka. Siku nilipopita naye sokoni kwa mara ya kwanza, niliikagua mbeleko njia nzima. Barazani mtu akaita, "Bi Kinanda!" Jina la shuleni, baada ya miaka yote hiyo. Nikasema kwa sauti yangu hii, "Naam, nimekuja kunywa kahawa." Mzee mmoja, mwadhini wetu wa wakati ule, akasogea kwenye benchi. "Kaa hapa," akasema. "Na huyo nipe nimpakate. Wangu saba sikumpakata hata mmoja, nilidhani si kazi yangu." Alimpakata mpaka kahawa ikapoa.

Na mke wangu? Siku moja alipokuwa anapanga nguo zake za mnadani nilimwambia nampenda. Aliacha kukunja, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Una homa?" Nikasema sina. Akaendelea kukunja, lakini nguo ileile moja aliikunja mara tatu.

Nilikwenda pia kwa baba. Alikuwa ameshapooza upande mmoja, sauti yake ile imebaki mnong'ono. Nilimwogesha, nikampaka mafuta miguu. Sikuwa nimewahi kumgusa baba yangu kuzidi mkono wa salamu. Akasema, "Wewe nilikuwa nakuogopea." Nikadhani nimesikia vibaya. Akarudia, "Sikukuchukia. Niliogopa watu watakuumiza." Nikamwambia, "Baba, ulitangulia wewe." Akalia, nami nikamkumbatia, na mifupa yake ilikuwa myepesi kama ya kuku. Alifariki mwaka huohuo. Namshukuru Mungu kwamba hatukuachana tukiwa wageni.

Ndugu zangu, nina watu wa kuwashukuru. Namshukuru yule muuguzi aliyeninyima shikamoo, alinipa kitu bora zaidi. Namshukuru marehemu mwadhini. Namshukuru rafiki yangu, amekaa kule nyuma na shanga zake, anajifanya hanisikii. Na namshukuru mama watoto, ambaye angeweza kuondoka akabaki, na akanifundisha kwa kunyamaza zaidi ya nilivyofundishwa kwa kelele.

Kwenu kina baba, sina hotuba. Mkiwa na kijana mpole, sauti yake laini, anapenda watoto, msimnyooshe. Hajapinda. Na mkiwa na mtoto yeyote, mshikeni angali anataka kushikwa.

Asubuhi hii binti yangu, sasa ana miaka kumi, aliniona narudiarudia maneno uani. Akaniuliza, "Baba, utalia mbele za watu?" Nikamwambia sijui, huenda. Akafikiri kidogo. "Basi nitakaa mwanzo kabisa wa pazia, sikio langu zima likuelekee, na pazia nitalifunua kidogo ili unione."

Amelifunua. Namwona. Mwanangu, baba amemaliza, njoo twende nyumbani.