Dawa ya Minyoo ya Sista Leonia

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu, Muuguzi Mkunga Leonia Bukuru atakuwa ametimiza miaka sitini ya kuzaliwa na thelathini na minne ya utumishi, na zahanati yetu ya mwaloni Kibirizi, mitumbwi inaposhusha dagaa, itabaki bila mkunga. Mbadala wake ameombwa, amefuatiliwa, ameahidiwa, na hajafika. Kamati ya sherehe imenitaka niandike wasifu wa kuchangamsha. Nitajitahidi. Mimi ni Gervasi wa maabara, mlango wangu unatazamana na wake, na wanaonifahamu wanajua kwamba kuchangamsha watu si kipaji changu.

Sista Leonia ni mtoto wa Manyovu, wa milimani, na kabla ya kuajiriwa, ziwa alikuwa akilitazama kwa mbali tu. Kituo chake cha kwanza kikawa Kagunga, ambako siku hizo hukufika ila kwa boti. Alitapika tangu boti ilipoondoka hadi ilipotia nanga. Akina mama aliosafiri nao walitazamana, wakampisha mahali pazuri pa kukaa, na kabla hajafungua sanduku lake kijiji kizima kilikwisha kujua kwamba nesi mpya kaja na mimba. Waliamka kumsalimia mwakeye, salamu ya asubuhi ya Kiha, huku wakimkagua tumbo. Walimpikia uji. Walimkataza kubeba ndoo. Walisubiri hata wakachoka, na mmoja wao alifikia kumuuliza kwa huruma kama ilitoka. Sista husimulia kisa hiki hadi leo huku akifuta machozi ya kicheko, na humalizia kwa kusema kwamba somo lake la kwanza la ukunga alilipata mle botini, kwamba kutapika peke yake hakuthibitishi kitu.

Alipohamishiwa Kibirizi alikuta kosa la aina nyingine, ambalo sidhani kama mtu asiyeishi kwa dagaa anaweza kulifanya. Wageni mtakaohudhuria sherehe mjue kwamba huku kwetu mwezi una vipindi viwili. Kuna giza, wakati mitumbwi inavua na taa, na kila alfajiri mwalo mzima uko macho kupokea na kuanika. Kisha kuna mbalamwezi, wakati dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika na watu wanalala. Basi binti akisinzia darasani, akikosa hamu ya kula, akiwa mzito kuamka, mama yake alikuwa na jibu moja tu: “Ni giza hilo.” Akitapika ni malaria, ananunuliwa dawa ya mseto dukani. Mpaka mtu afikirie kitu kingine, tumbo limeshajisemea lenyewe, na binti hajahudhuria kliniki hata mara moja.

Sista aliwaambia wasubiri mbalamwezi. Mitumbwi ikishaegeshwa na kila mtu akashiba usingizi, watazame ni nani bado anasinzia. Maneno hayo yalienea mwaloni haraka kuliko tangazo lolote la wizara. Akaanza kukaa na akina mama kwenye vichanja vya kuanikia, akigeuza dagaa pamoja nao, akiwafundisha: kukosa siku zake, kichefuchefu, matiti kujaa na kuuma, kukojoa kila mara, uchovu usioisha. Na kwa binti wa Kibirizi aliongeza dalili isiyo kwenye vitabu vyetu, kwamba aliyekulia katika harufu ya dagaa akianza ghafla kuziba pua, mtazameni. Kila mara alimalizia kwamba hakuna hata moja kati ya hizi inayotosha, kwamba zote zaweza kuletwa na ugonjwa mwingine, na kwamba binti aletwe apimwe mkojo, aletwe kwa upole.

Akina mama walishika yote isipokuwa hilo la mwisho.

Sijui nani alianza. Ulizuka mtindo uliokuja kuitwa kipimo cha dagaa. Mama anachota dagaa wabichi kiganjani, anamwita binti yake, anamsogezea puani. Anayegeuza uso anapigwa, na maswali yanafuata baadaye. Wapo walionusishwa mbele ya majirani. Tulipokea binti aliyevunjwa kidole kwa kugeuka kupiga chafya ya mafua. Sista alizunguka nyumba kwa nyumba akikanusha, akagombana na watu waliokuwa wakimwita dada, lakini kipimo kilikuwa kimeshazoeleka, na mbaya zaidi kilikuwa kikitajwa kwa jina lake.

Merina alikuwa kidato cha pili. Mama yake, Winfrida, mwanikaji wa dagaa ambaye wengi wenu mnamjua, ameniruhusu kumtaja. Amesema kama Sista anaagwa bila Merina kutajwa, basi hakuna anayeagwa. Winfrida alimnusisha binti yake, tena zaidi ya mara moja. Merina hakugeuka. Rafiki yake alitueleza baadaye kwamba alikuwa akijipaka viksi ndani ya pua kabla ya kwenda kwenye vichanja, na kwamba dalili zote za Sista alikuwa amezikariri ili ajue cha kuficha. Wakati wa mbalamwezi alicheza netiboli kuliko wote. Kisha akanywa dawa za mizizi alizoletewa na mtu, na alipofikishwa kwetu alikuwa ameshapoteza damu nyingi mno. Alikufa njiani kwenda hospitali, Sista akiwa amemshika.

Winfrida alikaa kwenye benchi langu la maabara na kumwambia Sista neno moja, akalirudia na kulirudia: “Lakini nilimnusisha, Sista. Alinusa, akacheka.”

Sitasema uongo kwamba yule tunayemuaga alivuka hapo salama. Kicheko chake kilipungua kuanzia siku ile. Kwenye vichanja hakurudi kwa muda mrefu, na aliporudi hakwenda kwa akina mama. Alikwenda uwanja wa netiboli, kwa mabinti wenyewe, akawaambia kuhusu miili yao maneno yale yale aliyokuwa akiwaambia mama zao, na akawaachia ufunguo mmoja. Anayehisi chochote aje dirishani aombe dawa ya minyoo. Hataulizwa neno mbele ya watu. Ataingizwa ndani, mlango utafungwa, na mimi nitaletewa kichupa cha mkojo kisicho na jina.

Walikuja. Foleni nzima iliamini kwamba mabinti wa Kibirizi wana minyoo kuliko mabinti wote nchini, na mgeni mmoja kutoka mkoani alishauri kwa dhati kabisa tufanye utafiti wa maji. Wengi hawakuwa na mimba, walikuwa na hofu tu, au maambukizi ya mkojo, wakatibiwa. Waliokuwa nayo walianza kliniki mapema. Bibiana, ambaye mtamwona siku ya sherehe akiwa na mwanawe, alisindikizwa na Sista hadi kwa baba yake Ujiji, na Sista alikaa sebuleni mle mpaka mzee alipoiweka fimbo chini. Alijifungua salama, akarudi shule, na sasa anasomea ualimu. Mpigieni makofi. Nilitaka kuandika majina mengine kama lake, nikakuta hayazidi vidole vya mkono.

Kwa maana kazi hii haikupungua. Wanaokuja siku hizi ni wadogo kuliko waliokuja zamani. Kuna aliyeomba dawa ya minyoo na kweli akatarajia kupewa pipi pamoja nayo. Na wanaume? Wanaume wapo, wengine mtakaa nao meza moja siku hiyo. Tumejifunza dalili zote za mapema kwa binti, usingizi wake, pua yake, choo chake, lakini ya mwanaume hatujafundishana hata moja. Kesi nyingi humalizwa kifamilia, yaani binti ndiye anayemalizwa. Jioni moja, akinawa mikono kwenye sinki letu linalovuja, Sista aliniambia: “Gervasi, mimi nimekuwa mtu wa kutambua tu. Kuzuia sikuweza.”

Kamati itanisamehe kwa kuongeza jambo la wiki iliyopita. Sista alikuwa mjini kushughulikia mafao yake. Alikuja msichana na sare ya shule, sweta limefungwa hadi shingoni kwenye jua la mchana, akasimama dirishani na kuomba dawa ya minyoo. Niliinuka mimi, kwa kuwa hakuna mwingine. Aliona ni mwanaume. “Shikamoo. Basi, nitarudi Sista akiwepo.” Nilimwambia asubiri, nikazunguka kufungua mlango, na nilipofika nje alikuwa ameshaingia katikati ya wachuuzi wa samaki. Sikumtambua. Sista amemtafuta uwanjani na shuleni, kimya kimya, na hadi ninapoandika hajarudi.

Sista Leonia, kwa niaba ya watumishi wote, asante. Asante kwa kukesha na wazazi wasio na mtu, kwa chai yako yenye tangawizi kupita kiasi, kwa kunivumilia. Nenda nyumbani kwako Ujiji ukapumzike, ulime bustani yako, ulale wakati wa giza na wakati wa mbalamwezi. Mungu akupe afya na uzee wa raha. Tena tunakuomba radhi, maana tunakuaga na papo hapo hatujui kukuacha. Akitokea mlangoni kwako msichana mwenye sweta, akaomba dawa ya minyoo, tafadhali usimwambie kwamba umestaafu.